TUIJUE NGUVU YA KITU KILICHO MWENDONI

Binadamu kwa desturi yake huogopa kitu kiendacho mbio, na hukidharau kitu kiendacho pole pole. Akiona pikipiki inakuja kwa vumbi na kelele hukimbilia pembeni; lakini akiona lori lililojaa mawe linajikokota, huona kuwa anayo nafasi ya kutosha kukatiza mbele yake. Desturi hiyo ina nusu ya ukweli ndani yake, na nusu ya ukweli aghalabu ni hatari kuliko ujinga mtupu, kwa sababu mwenye nayo hujiona kuwa anajua.

Katika nchi ya Shinyanga, Kahama na Geita, ambako dhahabu na almasi huchimbwa usiku na mchana, ambako malori hupita na pamba, nafaka na shehena za nchi jirani, hakuna mfanyakazi asiyekaa karibu na vitu vizito vilivyo mwendoni. Kwa hiyo leo twaona yafaa tuzungumze na wasomaji wetu juu ya kanuni moja ya maumbile. Kanuni hii hufundishwa shuleni, ikaandikwa katika daftari, ikajibiwa katika mtihani, kisha ikasahauliwa. Hali yatupasa tutembee nayo barabarani na kushuka nayo shimoni. Nayo yasema hivi: nguvu ya mwendo wa kitu hutokana na mambo mawili yakizidishwa pamoja, yaani wingi wa kitu chenyewe na kasi yake.

Tuanze na jambo ambalo kila mkulima wa Usukuma amepata kuliona. Mkokoteni wa ng'ombe ukiwa mtupu, mtoto aweza kuuzuia kwa mikono yake unapoanza kuteremka. Ukijazwa marobota ya pamba, hata ukiwa unakwenda kwa mwendo ule ule wa pole pole, vijana watatu wenye misuli hawatoshi. Kasi haikubadilika, kilichobadilika ni kile kilichomo ndani. Na kinyume chake pia ni kweli: jiwe dogo la manati likiwekwa kiganjani halimdhuru mtu, lakini likirushwa humwangusha ndege kutoka mtini. Hapo wingi wa jiwe haukubadilika. Kilichobadilika ni kasi.

Wingi huo wa kitu huitwa tungamo. Hatuna budi kuutenga na uzito, ingawa sokoni twavipima vyote kwa mizani moja. Uzito ni mvuto wa dunia juu ya kitu. Jiwe likipelekwa mwezini uzito wake hupungua hata kubaki kiasi cha sehemu moja ya sita, bali tungamo lake halipungui hata chembe. Na mtu akilipiga teke kule mwezini atavunjika vidole vile vile kama angelipiga hapa Nzega. Tungamo likizidishwa kwa kasi, pamoja na kuangalia upande ambao kitu kinaelekea, twapata kile tutakachokiita momenta.

Wazo hili halikuzuka siku moja. Ibn Sina, mwanachuoni wa Uajemi aliyefariki mwaka 1037, alikwisha kufikiri kwamba kitu kilichorushwa hubeba ndani yake mwelekeo wa kwenda, nao hauishi mpaka ukutane na kizuizi. Karne nyingi zikapita. Mwaka 1687 Isaac Newton wa Uingereza akachapisha kitabu chake kikuu, akaeleza kwamba wingi wa mwendo hupimwa kwa wingi wa maada na kasi vikichukuliwa pamoja. Akaonyesha pia kwamba wingi huo haubadiliki ila kwa kani itokayo nje. Hapo elimu ya mwendo ikapata msingi ambao juu yake mafundi wa leo hujenga madaraja, breki na mitambo.

Sasa tutazame hesabu, kwa maana hesabu haina upendeleo. Mtu wa kilo 60 akitembea mita moja na nusu kila sekunde ana momenta ya 90. Pikipiki yenye dereva na abiria wawili, jumla yake kilo 300, ikienda mita 20 kwa sekunde, yaani kilometa 72 kwa saa, ina momenta ya 6,000. Hebu basi tutazame lori la machimbo ya wazi, la aina ile ibebayo tani 100 hivi za mawe. Likijumlishwa na mwili wake lenyewe hufika tani 160. Likienda mita 10 tu kwa sekunde, ambayo ni nusu ya kasi ya ile pikipiki, lina momenta ya 1,600,000. Ili pikipiki ile ipate momenta sawa na hiyo, ingebidi iende zaidi ya kilometa 5 katika kila sekunde moja, kasi ambayo ni mara 15 ya mwendo wa sauti hewani. Huyo ndiye yule ambaye mpita njia alimwona anajikokota, akamdharau.

Kadhalika wakazi wa pande zote mbili za Ghuba ya Mwanza, waliovuka miaka mingi kwa kivuko baina ya Kigongo na Busisi kabla ya daraja la kilometa 3 kufunguliwa mwaka 2025, wanajua kwamba chombo cha majini kinapokaribia gati huonekana kama kimesimama. Chombo cha tani 500 kinachosogea mita moja tu kwa sekunde kina momenta ya 500,000. Mwenye kutia mguu wake kati ya chombo hicho na gati, akidhani kwamba atakisukuma kwa mkono, anashindana na hesabu asiyoweza kuishinda. Ndiyo sababu mabaharia huning'iniza matairi makuukuu ubavuni mwa chombo.

Na kwa nini matairi? Hapa twafika kwenye fungu la pili la somo letu, nalo ndilo liokoalo maisha. Kitu kilicho mwendoni hakisimami mpaka momenta yake yote iondolewe. Na kani inayohitajika kuiondoa inategemea muda uliotumika. Muda ukiwa mfupi, kani huwa kubwa. Muda ukirefushwa, kani hupungua kwa kiasi hicho hicho.

Mchimbaji mdogo anaitumia kanuni hii kila siku bila ya kuitaja. Anaposhuka katika duara akiwa na nyundo na tindo, huinua nyundo ya kilo 5 na kuishusha kwa kasi ya mita 6 kwa sekunde. Momenta yake ni 30. Tindo ni chuma, mwamba ni mgumu, nyundo husimama katika sehemu moja ya mia ya sekunde. Kwa hiyo kani inayoingia mwambani ni sawa na uzito wa kilo 300 hivi. Mwamba hupasuka. Lakini nyundo hiyo hiyo, kwa kasi hiyo hiyo, ikiangukia gunia la pamba na kutumia muda mrefu zaidi kusimama, kani yake huwa ndogo zaidi sana. Nyundo ni ile ile na mkono ni ule ule. Tofauti ni muda.

Hata pale mwaloni, ambako mchanga uliosagwa na karasha huoshwa juu ya ubao uliotandikwa magunia, kanuni hii inafanya kazi. Punje ya dhahabu ina tungamo kama mara 7 ya punje ya mchanga wa kawaida ya ukubwa ule ule. Maji yanazisukuma zote mbili, lakini ile ya mchanga hutiwa mwendo kwa urahisi na kuchukuliwa, na ile ya dhahabu hukawia, huzama, hukamatwa na nyuzi za gunia. Mwenye mwalo akifungua maji kwa kasi kupita kiasi, hata dhahabu yake huchukuliwa. Basi aliyekaa mwaloni amekwisha kujifunza kwamba wingi na kasi havitenganishwi.

Lakini kanuni impayo mtu riziki ndiyo hiyo hiyo imwondoleayo uhai. Jiwe la nusu kilo likiponyoka mdomoni mwa shimo na kuanguka mita 45, litafika chini kwa kasi ya mita 30 kwa sekunde. Momenta yake ni 15, nusu ya ile ya nyundo tuliyoitaja. Na nyundo ile ilipasua mwamba. Kichwa cha binadamu si mwamba. Kofia ngumu haiwezi kuifuta momenta ya jiwe. Ifanyayo ni kurefusha muda wa kusimama na kuitawanya kani kwenye eneo kubwa zaidi la kichwa. Jiwe likiwa kubwa mno, hata kofia hushindwa. Kwa hiyo ulinzi wa kwanza wa mtu aliye shimoni ni mdomo wa shimo uliosafishwa na kuzungushiwa mbao, matimba yaliyopangwa vizuri, na watu wa juu wasiotupa kitu chini. Kofia ni ulinzi wa pili. Msimamizi anayegawa kofia na kuacha mawe yamelundikana ukingoni amefanya nusu ya kazi, nayo ni nusu ile ndogo.

Barabarani mambo ni hayo hayo. Abiria wa kilo 60 katika basi liendalo mita 20 kwa sekunde ana momenta ya 1,200, na basi likisimama ghafula mwili wake haujui kwamba basi limesimama. Unaendelea mbele mpaka upate kizuizi. Akigonga chuma cha kiti na kusimama katika sehemu mbili za mia ya sekunde, kani impigayo ni sawa na uzito wa tani 6. Mkanda ukimshika na kumsimamisha kwa muda wa sehemu moja ya kumi ya sekunde, kani hiyo hushuka hata kufika tani 1 na kidogo. Ni kani kubwa, bali mwili uliofungwa kifuani na kiunoni aghalabu huistahimili. Na mama aliyempakata mtoto wa kilo 10 asidhani kwamba mapenzi yake yatatosha kumshika: katika ajali kama hiyo mtoto huyo huvuta mbele kwa kani sawa na uzito wa kilo 200. Hakuna mikono iwezayo kuushika mzigo huo.

Tuseme pia juu ya breki, maana hapa madereva wengi hujidanganya. Tuchukue lori la tani 30 likienda mita 20 kwa sekunde. Momenta yake ni 600,000. Ikiwa breki zake zote pamoja zaweza kutoa kani ya nyutoni 120,000, yaani kiasi cha uzito wa tani 12, zitahitaji sekunde 5 kulisimamisha, na katika sekunde hizo litakuwa limekwenda mita 50. Ongeza mita 20 zilizopita katika sekunde moja ambayo dereva aliona hatari na kuinua mguu. Sasa tajiri wa lori akatamani faida, akapakia mpaka lori likafika tani 45. Ikiwa breki zimekwisha kufika ukomo wa nguvu zake, zitahitaji sekunde 7 na nusu, na mita 75. Mita hizo 25 zilizozidi ndipo alipokuwa amesimama mtoto wa shule.

Na kasi ina ubaya wa pekee. Dereva akienda mita 10 kwa sekunde badala ya 20, momenta hupungua nusu, na muda wa kusimama hupungua nusu. Lakini kwa kuwa katika muda huo mfupi gari linakwenda polepole pia, umbali haupungui nusu tu bali hubaki robo. Lori letu la tani 30 lingesimama kwa mita 12 na nusu badala ya 50. Waliosema kwamba haraka haraka haina baraka hawakuwa na kalamu wala karatasi, lakini hesabu yao ilikuwa sahihi.

Taifa letu limekwisha kulilipia somo hili kwa machozi. Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu mkoani Dodoma, garimoshi la abiria lenye watu zaidi ya 1,200 lilipata hitilafu likipanda mlima, likasimama, kisha likaanza kurudi nyuma. Mwanzoni kurudi huko kulikuwa kwa taratibu. Lakini tungamo la mabehewa yale lilikuwa kubwa mno, na mteremko uliongeza kasi sekunde baada ya sekunde, mpaka hapakuwa na breki wala mkono wa mtu uwezao kulizuia. Lilikutana na garimoshi la mizigo. Watu 281 walipoteza maisha yao, na msiba ule ukawa mkubwa kupita yote katika historia ya reli yetu. Twaukumbusha kwa heshima ya waliokufa, na kwa sababu unaonyesha wazi kwamba kitu kizito chapasa kuzuiwa kabla hakijapata kasi. Kigingi kilichowekwa chini ya gurudumu lililosimama ni kipande cha mti kiasi. Gurudumu hilo hilo likiisha kushika mwendo, hata ukuta wa mawe hautoshi.

Wala si mashine peke yake. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015 mvua kubwa ya mawe na upepo mkali iliipiga Mwakata, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengi wao kwa kuangukiwa na kuta za nyumba zao. Twaweza kusema kwamba ni kudra, na hakuna anayekana. Lakini kudra haikatazi mtu kuelewa.

Punje ya mvua ya mawe haianguki kwa kasi moja na mwenzake. Kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo inavyozidi kulishinda zuio la hewa. Punje ambayo upana wake ni mara mbili ya nyingine ina tungamo mara 8 ya ile, na kasi yake ya kuanguka huzidi kwa mara 1.4 hivi, ukizidisha, momenta yake ni kama mara 11. Kwa hiyo mtu asipime hatari ya mawe ya mvua kwa kuyatazama ukubwa kwa jicho. Upana uliozidi kidogo ni pigo lililozidi sana.

Upepo nao ni kitu, una tungamo. Mita moja ya ujazo ya hewa, katika nyanda zetu hizi za juu, ni kilo 1 hivi. Upepo wa mita 10 kwa sekunde ukigonga mita moja ya mraba ya ukuta huleta kilo 10 za hewa kila sekunde, kila kilo ikiwa na kasi ya 10. Zikisimamishwa zote, msukumo wake ni kama uzito wa kilo 10. Upepo ukifika mita 20 kwa sekunde, kilo ziletwazo huwa 20 na kasi ya kila kilo ni 20, hata msukumo ukawa kama uzito wa kilo 40. Kasi imeongezeka mara 2, msukumo umeongezeka mara 4. Ukuta wa mita 12 za mraba basi hubeba ubavuni mwake karibu nusu tani. Ukuta wa udongo uliokwisha kulowa hauna kifua cha kubeba mzigo huo. Kuinua msingi wa mawe, kutokeza paa ili maji yasilowanishe ukuta, kufunga pembe za nyumba, kupanda miti ya kuvunja upepo katika nchi ambayo misitu yake ilikatwa kwa wingi: hayo si mambo ya anasa. Ni hesabu ya momenta iliyotafsiriwa katika udongo na miti.

Twaongeza mfano mwingine wa karibu. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la majitaka ya mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulibomoka. Mwadui ni mgodi mkongwe, ulioanzishwa na John Williamson mwaka 1940. Tope likatoka nje ya mgodi, likafunika mashamba na kuharibu makazi na vyanzo vya maji. Hapana kifo kilichoripotiwa, na kwa hilo twashukuru. Lakini tope la mgodi si maji matupu. Ndani yake mna mchanga na unga wa mawe, hata ndoo ya tope huwa nzito kuliko ndoo ya maji. Na kwa kasi ile ile, kile kilicho kizito zaidi husukuma kwa nguvu zaidi. Mtu aliyezoea kuvuka kijito kilichofurika asidhani kwamba aweza kuvuka mto wa tope. Na wenye mabwawa wakumbuke kwamba tope lililotulia lina momenta ya sifuri mpaka dakika ile ukuta unapopasuka. Ukaguzi una maana wakati wa sifuri hiyo, si baada yake.

Tumesema mwanzoni kwamba momenta ina upande. Jambo hilo lafaa lielezwe, kwa maana lina mafunzo kupita mgodi na barabara. Pale Isaka, ambako reli na bandari kavu hukutana, tufikiri behewa moja la tani 20 likisukumwa kwa kasi ya mita 3 kwa sekunde, likayafikia mabehewa mawili ya tungamo hilo hilo yaliyosimama, yakashikana. Yote matatu yataondoka pamoja, kwa kasi ya mita 1. Kasi imegawanyika, lakini momenta haikupotea hata kidogo: tani 20 kwa 3 ni sawa na tani 60 kwa 1. Lakini mabehewa mawili yaliyo sawa yakijiwa kila moja kutoka upande wake na kugongana uso kwa uso, momenta zao hufutana. Jumla yake ni sifuri. Hakuna liendalo mbele, na vyuma vyote viwili vimekunjika.

Wazee wa kanda hii waliijua kanuni hiyo kwa vitendo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkulima mmoja mmoja wa pamba hakuwa na sauti mbele ya mizani ya mnunuzi. Wakaungana, wakaweka watu wao wa kuangalia mizani, na mwaka 1955 ukazaliwa muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria, ambao Paul Bomani alikuwa kiongozi wake, nao ukapata kuhesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika. Serikali ya kikoloni iliinyima TANU ruhusa ya kuendesha shughuli zake Usukumani tangu mwishoni mwa 1954 hadi 1958. Ikadhani kwamba imeweka kigingi chini ya gurudumu. Lakini mwaka 1958 watu wa Geita walipolikataa baraza la wilaya lililopangwa kwa mseto wa rangi, walikwenda kwa umati mpaka Mwanza kusema neno lao, na hata mabomu ya machozi hayakuwageuza nia. Wingi wao ulikuwapo siku zote. Walipopata mwendo, na wote wakaelekea upande mmoja, hapakuwa na wa kuwazuia.

Hatusemi kwamba siasa ni fizikia. Lakini twasema kwamba tawi lenye wanachama elfu waliolala lina momenta ya sifuri. Na tawi lenye wanachama hodari wanaovutana huku na huko lina sifuri vile vile, pamoja na majeraha. Na kiongozi mwenye kukimbia peke yake, wananchi wamebaki nyuma, ana kasi asiyo na wingi wake. Atasimamishwa na kizuizi cha kwanza.

Basi tumalizie kwa mambo ya kutenda, kwa maana elimu isiyotendwa ni mzigo wa karatasi. Kwa madereva wa malori na mabasi: tungamo la gari lenu hamwezi kulibadilisha mkiwa njiani, bali kasi imo chini ya mguu wenu. Mkiteremka, teremkeni kwa gia nzito mapema, kabla mteremko haujaanza kuwafundisha. Kwa wenye malori: breki zilitengenezwa kwa mzigo maalumu, na mizani ya barabarani haikuwekwa kuwaonea. Kwa wasimamizi wa machimbo: matuta ya ukingoni mwa njia za malori, ambayo kwa kanuni ifuatwayo na migodi mingi ya dunia hayapungui nusu ya kimo cha gurudumu kubwa lipitalo hapo, yasiachwe yakamomonyoka, na magari madogo yasiingie katika njia hizo bila ya bendera yake kuonekana juu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemwekea mwajiri wajibu wa kumlinda mfanyakazi, nayo haikutungwa ili ipambe kabati.

Kwa matawi ya wafanyakazi: mkutano mmoja wa mwezi mautumie kujadili breki, vigingi, midomo ya mashimo na kofia, kama mnavyojadili mishahara, maana mshahara wa aliyekufa hupokewa na mjane. Na kwa walimu wetu wa Shinyanga na Geita twasema: mfundishapo somo hili, msiishie kwenye mpira wa chuma unaoteremka kwenye ubao. Watoeni watoto nje, wauone mkokoteni mtupu na mkokoteni uliojaa, waipime nyundo ya fundi, walihesabu lori lipitalo barabarani. Mtoto aliyekwisha kuzidisha kwa kalamu yake tungamo la lori kwa kasi yake hatakatiza mbele yake tena.

Dhahabu yetu, almasi yetu na pamba yetu vitabebwa na vitu vizito viendavyo mbio, leo na kesho. Hatuwezi kuisimamisha kazi, wala hatutaki. Tunachotaka ni kwamba kila ashukaye shimoni asubuhi apande jioni, na kila aondokaye Kahama afike Geita, watoto wake wampokee mlangoni.